Kanda za magari mijini: kwa nini zinapingwa, na pingamizi lipi hufua dafu?

Kipita_Njia

Wakuu, habari za jukwaani.

Kila mji unapotangaza kuwabana wenye magari katikati ya mji, moto unawaka: maandamano, kesi, kamera kukatwa waya, madiwani kupoteza viti. Miaka michache baadaye baadhi ya mipango hiyo ipo na watu wameshatulia, mingine imezikwa na hata kaburi halionekani.

Naomba wanaoijua kazi hii wanisaidie mambo matatu. Kwanza, watu wakisema "kanda" wanamaanisha nini hasa? Naona tozo, stika, vyungu vya maua katikati ya barabara na ile habari ya "mji wa dakika 15" vyote vinapikwa kwenye sufuria moja. Pili, kwa nini Stockholm ilipita na Edinburgh ikakwama? Tatu, mkazi ambaye mpango unamuumiza kweli aandike nini ili barua yake isiishie kwenye jalada?

Ugomvi wa wenye magari na wenye baiskeli tuuache kwa uzi mwingine. Nawasilisha.

MizaniYaFoleni

Nianze na la kwanza, maana sehemu kubwa ya ugomvi hutokana na watu kupinga kitu ambacho hakimo kabisa kwenye amri iliyotangazwa.

Tozo ya msongamano haijali gari lako ni jipya au ni la zamani. Unalipia kuingia saa ambazo barabara imejaa. Singapore walianza mwaka 1975 kwa vibali vya karatasi vilivyobandikwa kwenye kioo cha mbele, maofisa wakisimama mpakani kuvikagua kwa macho. Mwaka 1998 wakahamia milango ya elektroniki inayokata pesa gari likipita chini yake. London ilianza tarehe 17 Februari 2003 kwa pauni 5 kwa siku. New York ilianza tarehe 5 Januari 2025, dola 9 kwa gari dogo linaloingia Manhattan kusini ya Mtaa wa 60 saa za msongamano.

Eneo la hewa safi ni mnyama mwingine. Hapo kinachohesabiwa ni moshi. ULEZ, yaani eneo la namna hiyo la London, inadai pauni 12.50 kwa siku kwa gari la petroli lisilofikia kiwango cha moshi cha Ulaya kiitwacho Euro 4, na la dizeli lisilofikia Euro 6. Ukiitafsiri kwa lugha ya kadi ya gari: petroli nyingi zilizosajiliwa kuanzia 2006 zinapita, lakini dizeli nyingi ni mpaka zile za Septemba 2015 kuendelea. Basi mwenye petroli ya 2007 anapita bure, jirani yake mwenye dizeli ya 2014 analipa, na jirani huyo anakumbuka vizuri kwamba mfumo wa kodi ya magari wa Uingereza wa mwaka 2001 ndio uliomvuta kwenye dizeli kwa sababu ya kaboni dayoksaidi kidogo. Hasira yake ina msingi, hata kama moshi wake nao una madhara.

Zuio kwa namba ni lile la Mexico City tangu Novemba 1989: tarakimu ya mwisho ya namba ya gari ndiyo inayoamua siku gani ya wiki gari linalala nyumbani.

Mwisho kuna vichujio. Ni kamera, nguzo au vyungu vikubwa vya maua vinavyozuia gari kukatiza mtaa, ila havizuii kufika. Kila nyumba inafikika kwa gari, isipokuwa huenda ukazunguka. Mkorogo wa Oxford ulianzia hapa. Novemba 2022 halmashauri ya mkoa ilipitisha jaribio la vichujio sita vya kamera. Gari binafsi lingekatiza kwenye kimojawapo saa za kazi bila kibali lingepigwa faini ya pauni 70, na mkazi angepewa kibali cha siku 100 kwa mwaka. Wakati huohuo halmashauri ya mji, ambayo ni chombo kingine kabisa, ilikuwa na rasimu ya mipango miji hadi 2040 iliyosema huduma za kila siku ziwe umbali wa dakika 15 kwa miguu. Wazo hilo la dakika 15 ni la mtafiti wa miji Carlos Moreno wa Paris, na halizungumzii kumzuia mtu kutoka. Nyaraka mbili, ofisi mbili, msimu mmoja: watu wakazishona pamoja ikatoka habari kwamba wakazi watafungiwa kwenye kanda zao na kuhitaji ruhusa kutoka. Haikuwa kweli hata kidogo, na Februari 2023 maelfu waliandamana wakiipinga.

Lakini ofisi nazo zilichangia. Ukichora ramani yenye vipande vya rangi, ukaandika "siku 100" kwa herufi kubwa kuliko "unaweza kufika popote kwa barabara ya mzunguko", usishangae watu wakisoma ulichokikoleza.

Bi_Hesabu

Nalichukua la pili.

Angalia kwanza tarehe ya kura ikilinganishwa na tarehe ya kuanza. Edinburgh walipiga kura Februari 2005 kabla ya tozo kuanza, asilimia 74 wakakataa. Manchester Desemba 2008, tena kabla: karibu asilimia 79 walikataa, na hapana ilishinda katika wilaya zote kumi, ingawa tozo ilikuwa imefungwa pamoja na mabilioni ya pauni ya reli na mabasi.

Stockholm walipindua mpangilio. Jaribio lilianza tarehe 3 Januari 2006, likazimwa tarehe 31 Julai, kura ikapigwa tarehe 17 Septemba. Tozo ilikuwa krona 10, 15 au 20 kulingana na saa, isizidi 60 kwa siku. Magari yanayovuka mpaka yalipungua kwa takriban asilimia 20. Halafu ikaja ile sehemu ambayo wengi huiruka: baada ya Julai kamera zilipozimwa, foleni ilirudi, na watu wakaenda kupiga kura wakiwa wanaiona kwa macho yao. Kura ya ndiyo ikapita kwa kuzidi nusu kidogo tu, na tozo ikarudi kwa kudumu Agosti 2007. Milan vilevile: walikuwa na Ecopass, tozo ya magari yenye moshi, tangu Januari 2008, hivyo walipoulizwa Juni 2011 kama vizuizi vipanuliwe, asilimia 79 walikubali.

Sababu yake ni nyepesi. Kabla ya kuanza, unachojua kwa hakika ni bei utakayolipa. Faida ni ahadi iliyo kwenye karatasi ya mtu usiyemwamini. Baada ya kuanza, vyote viwili viko mbele yako na unavipima mwenyewe.

Pili, angalia kilichotangulia. Stockholm waliongeza mabasi karibu 200 na njia mpya 16 kuanzia Agosti 2005, miezi mitano kabla ya kamera kuwashwa. Anayeambiwa "acha gari" alikuwa tayari ameliona basi likipita. Kule Manchester basi lilikuwa bado linaahidiwa.

Tatu, mpaka wenyewe. Anayeishi kilomita moja nje ya mstari analipa kuingia ila hapati utulivu wa ndani. Manispaa nyingi zinazoizunguka Stockholm zilizoendesha kura zao zilisema hapana, na hakuna aliyepaswa kushangaa. Julai 2023 uchaguzi mdogo wa Uxbridge, pembezoni kabisa mwa London, uliamuliwa kwa kura 495, na kampeni ya mshindi ilisimama juu ya kupinga ULEZ kufika huko.

Mchokonozi

Bi Hesabu, nakuheshimu, lakini hadithi ya "wakionja watapenda" imekuwa wimbo wa maofisa, na ina mashimo.

London walipanua tozo kuelekea magharibi Februari 2007. Watu walionja. Maoni yalipokusanywa mwaka uliofuata wengi wakataka iondolewe, na mwisho wa 2010 ikaondolewa kweli. Miaka karibu minne ya kuonja haikuwageuza. Gothenburg, huko huko Sweden, walianza Januari 2013, wakapiga kura Septemba 2014, yaani baada ya kuonja zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na karibu asilimia 57 wakakataa. Tozo ikaendelea hivyohivyo, kwa kuwa kura ilikuwa ya ushauri tu na mapato yalikuwa yameshawekwa rehani kwa ujenzi wa reli ya chini ya ardhi. Unajua hiyo inafundisha nini wapiga kura? Kwamba wanaulizwa kwa adabu tu.

Zaidi ya hapo, miji tunayoitolea mfano ndiyo iliyosalimika. Waliotengeneza vibaya walifuta, nao hawatajwi kwenye mikutano.

Bi_Hesabu

Mchokonozi, la Gothenburg nakubali bila kubishana, na ningeongeza kuwa kosa lilifanyika siku walipokubali kuitisha kura huku mkono wao umeshasaini mkataba. Kama mapato yameshapangwa, usiitishe kura ya ndiyo au hapana. Uliza kuhusu saa, viwango na mpaka, vitu ambavyo bado unaweza kuvibadilisha.

La magharibi mwa London naona lina sababu yake. Wakazi wa ndani ya eneo walikuwa na punguzo la asilimia 90. Ukipanua eneo hadi mitaa wanakoishi watu wengi, unawapa punguzo hilo wote, na wanaweza sasa kuendesha hadi katikati ya mji kwa bei ya mkazi. Mpaka ukipita kwenye makazi, punguzo lenyewe linakuwa tundu.

Karani_wa_Notisi

La tatu ni langu.

Kitu cha kwanza kutafuta ni amri yenyewe, maana kipeperushi chenye picha za watoto juu ya baiskeli hakikufungi wala hakikulindi. Kila nchi ina jina lake, lakini utakuta karatasi ya kisheria yenye namba, orodha ya mitaa, saa, aina ya magari na misamaha. Soma majedwali ya nyuma. Barua isiyotaja namba ya amri ni maoni. Inayotaja namba, mtaa na kipengele ni pingamizi, na anayeipokea anajua kwamba ikifika mahakamani itasomwa.

Pili, dirisha la muda. Nitatumia Uingereza kwa sababu utaratibu wake umeandikwa wazi. Amri ya kudumu hutangazwa kwa notisi, na una angalau siku 21 za kuweka pingamizi. Amri ya majaribio ni tofauti: inaanza kwanza, inaweza kudumu hadi miezi 18, na pingamizi linapokelewa ndani ya miezi sita ya mwanzo. Wakibadilisha kitu katikati, miezi sita inaanza kuhesabiwa upya. Watu wengi hukosea hapa: wanapiga kelele kabla ya kuanza, wanachoka, na dirisha la kisheria linafunguka wakiwa wameshalala. Baada ya amri kutiwa saini, anayetaka kwenda mahakama kuu ana wiki sita. Jaji hataangalia kama mpango una busara. Ataangalia kama ofisi ilikuwa na mamlaka na ilifuata utaratibu.

Na uzito wa hoja za kina unaonekana. Mei 2025 mahakama kuu iliona kwamba halmashauri ya Lambeth, London, ilikosea kisheria katika mpango wa mitaa isiyokatizwa wa West Dulwich, kwa kuwa haikuzingatia ripoti ya kurasa 53 ambayo wakazi walikuwa wameiwasilisha. Ripoti ililetwa mapema, ina maudhui, na ofisi haikuonyesha kuwa imeitafakari. Hilo ndilo lililoiangusha. Linganisha na Julai 2023, halmashauri tano zilizoshtaki kuhusu upanuzi wa ULEZ: zilikuwa na mawakili wazito na bado zikashindwa, maana jaji aliona meya alikuwa na mamlaka na taarifa zilizotolewa zilitosha.

Mahakama hukata pande zote, usisahau. Madrid mwaka 2019 uongozi mpya ulisimamisha faini za eneo la katikati ya mji kuanzia tarehe 1 Julai. Ndani ya siku chache jaji akazirudisha, afya ikiwa sababu. Milan mwaka 2012 kampuni ya maegesho ilipata zuio mahakamani, Area C, tozo iliyochukua nafasi ya Ecopass, ikasimama wakati wa kiangazi, kisha ikarudi Septemba.

Kuhusu barua yenyewe: omba kitu kimoja kinachoweza kutekelezwa. "Futeni mpango huu wa kidhalimu" inahesabiwa, inawekwa kwenye safu ya "wanaopinga", basi. Sasa soma hii: "Katika jedwali la pili, kichujio cha makutano haya kinafanya kazi saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni. Zahanati iliyo upande wa kaskazini inafikika kwa mzunguko wa kilomita nne. Naomba wagonjwa wenye miadi waingizwe kwenye kipengele cha misamaha, au kichujio kisogezwe kusini ya mlango wa zahanati." Hiyo lazima ijibiwe, kwa sababu ina mahali, saa, madhara na suluhisho. Barua mia mbili zilizonakiliwa neno kwa neno kwa kawaida hujumlishwa kuwa hoja moja yenye saini nyingi. Barua ishirini zenye mambo ishirini tofauti zinampa ofisa kazi ishirini.

FundiTaa

Karani kasema vizuri, ila pingamizi bila namba ni tarumbeta. Na namba za mamlaka zenyewe zikaguliwe, kwa sababu huwa na kasoro za kiufundi zinazojirudia.

Magari mengi huhesabiwa kwa mirija ya mpira inayolazwa kuvuka barabara na kupigiliwa misumari pembeni. Tairi likikanyaga, hewa inasukumwa hadi kwenye kisanduku kilichofungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, nacho kinaandika muda. Mirija miwili sambamba inatoa mwendo na uelekeo pia. Kifaa hiki ni kizuri kwenye barabara inayotembea. Kwenye foleni ya kusimama na kusogea kinadanganya: ekseli za magari mawili yaliyobanana zinaweza kusomwa kama gari moja, gari likisimama juu ya mrija halisomeki vizuri, na kinachotoka ni hesabu ndogo kuliko hali halisi. Sasa fikiria: mitaa ya ndani imefungwa, magari yamehamia barabara ya mpakani, barabara hiyo imejaa hadi haisogei, na kifaa kinasema "magari hayajaongezeka". Ombeni muda wa safari wa mabasi kwenye barabara hiyo, unaotoka kwenye vifuatiliaji vya mabasi yenyewe. Huo haudanganyiki kirahisi.

Ombeni pia takwimu ghafi za kila saa, tarehe za kuhesabu na mahali mrija ulipolazwa. Wiki nzima ya siku saba ndiyo kiwango cha chini ninachokikubali, nje ya likizo za shule, mwezi uleule kabla na baada. Ukiona "kabla" ni mwaka 2020, weka alama nyekundu: miezi ya korona barabara zilikuwa tupu, kwa hiyo ulinganisho huo haufai kwa upande wowote.

Kwa hewa, vifaa vya bei nafuu ni vile vijiti vidogo vya plastiki vinavyofungwa kwenye nguzo ya taa, vinanyonya naitrojeni dayoksaidi kwa takriban wiki nne, kisha vinapelekwa maabara. Vinatoa wastani wa mwezi mmoja. Asubuhi ya foleni mbaya haionekani humo. Upepo na baridi vinabadilisha matokeo, na lazima yasahihishwe kwa kulinganisha na mtambo rasmi uliowekwa pamoja na baadhi ya vijiti. Kwa hiyo atakayekuambia hewa imekuwa safi, au imechafuka, wiki ya pili baada ya vyungu kuwekwa, muulize alipimia nini.

Vibao sasa. Sehemu moja ikitoa faini nyingi kupita nyingine zote, na zisipungue baada ya miezi miwili mitatu, mimi nalaumu kibao kabla ya dereva. Mara nyingi kibao kimewekwa baada ya kona ya mwisho ambako dereva angeweza kugeuza, au tawi limekifunika, au kina mistari mitano ya saa na misamaha ambayo hakuna anayeisoma akiwa mwendo wa kilomita 30. Kibao cha kutangulia kinatakiwa kabla ya makutano ya kutokea. Uingereza mwongozo wa serikali unasema kamera mpya ya makosa kama haya itoe barua ya onyo kwa kosa la kwanza kwa miezi sita ya mwanzo. Mji usio na kipindi cha onyo unajitengenezea maadui kwa shilingi.

Na vyungu: gari la zimamoto linahitaji kama mita 3.7 za upana. Penye mashaka weka nguzo yenye kufuli ambayo zimamoto na gari la wagonjwa wana ufunguo wake, au acha wazi uweke kamera. Kuhusu wanaokata waya za kamera kama ilivyofanyika London 2023: ni jinai, na mamlaka zilijibu kwa magari yenye kamera za kuhamishika, yaani mpango haukusimama hata siku moja.

Kipita_Njia

Shukrani sana wakuu. Swali la nyongeza: misamaha. Wapo wafanyakazi wa zamu za usiku, mafundi wenye vani za vifaa, walemavu. Wakisamehewa wote si eneo linabaki jina tu?

Bi_Hesabu

Ndiyo, na ndiyo maana misamaha ni kazi ngumu kuliko kamera.

Tuchukue zamu ya usiku. ULEZ inahesabu siku kuanzia saa 6 usiku hadi saa 6 usiku. Muuguzi mwenye gari lisilokidhi kiwango anayeingia kazini saa 4 usiku na kutoka saa 12 asubuhi amegusa siku mbili: pauni 25 kwa zamu moja. Mwenzake wa zamu ya mchana analipa 12.50 kwa saa zilezile nane. Hapa huhitaji msamaha wowote wenye orodha na vyeti. Unahamisha mwanzo wa siku uwe, tuseme, saa 1 asubuhi, au unahesabu saa 24 tangu gari lilipoonekana mara ya kwanza. Kasoro ya namna hii ndiyo ya kuipigia kelele, kwa sababu kuirekebisha hakupunguzi hata chembe ya lengo la mpango.

Kwa mafundi, ruzuku ya kubadilisha gari ni bora kuliko msamaha wa kudumu, mradi ije mapema. London mwanzoni walitoa pauni 2,000 kwa gari, lakini kwa wenye kipato cha chini na walemavu. Milango ilifunguliwa kwa kila mkazi wa London tarehe 21 Agosti 2023, na upanuzi ulianza tarehe 29. Siku nane! Pesa ileile ingetangazwa hivyo mwaka mmoja kabla ingezima sehemu ya moto ule.

Zuio la namba ndilo sipendi kabisa. Mexico City wengi walijibu kwa kutafuta gari la pili lenye tarakimu tofauti, mara nyingi kuukuu na lenye moshi zaidi. Utafiti wa mchumi Lucas Davis wa mwaka 2008 haukupata ushahidi kuwa hewa iliboreka. Ukimpa mtu njia ya kukwepa inayogharimu kidogo kuliko kutii, ataichukua.

Stika za Ufaransa nazo zina lawama yake: Crit'Air, stika ya kiooni inayoonyesha daraja la moshi, inaangalia mafuta na umri wa gari tu. Kigari kidogo cha zamani kinachotembea kilomita 2,000 kwa mwaka kinafungiwa, gari kubwa jipya la tani mbili linapita. Mwaka 2025 bunge la huko lilipiga kura kuzifuta kanda hizo, na hoja hiyo ya tabaka ilisikika pande zote mbili za ukumbi, jambo la nadra.

Mchokonozi

Ongezeni kipengele cha kutokea. Eneo la hewa safi lisilosema litafutwa lini linanuka mapato. Baadhi ya miji ya Ujerumani ilifuta kanda zake hewa ilipokaa chini ya kikomo; Hannover ilifanya hivyo 2024. Kikomo cha Ulaya cha naitrojeni dayoksaidi ni mikrogramu 40 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, kinashuka hadi 20 ifikapo 2030, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 ni 10. Pingamizi lako lidai waandike namba ipi kati ya hizo ndiyo lengo, inapimwa nguzo gani, na ikifikiwa kwa miaka mingapi mfululizo ndipo kamera zizimwe.

Karani_wa_Notisi

Hilo la Mchokonozi liwekwe kama ombi la kipengele kipya, si kama malalamiko, na liambatane na ombi la takwimu ghafi alizozitaja FundiTaa. Ombi la takwimu lipelekwe kwanza, siku ileile notisi inapotoka, kwa sababu siku 21 ni chache na ofisi inaweza kuchukua zote kukujibu. Wakichelewa, peleka pingamizi hivyohivyo ndani ya muda na uandike humo tarehe uliyoomba takwimu na kwamba hujapewa.

Kipita_Njia, ukishaipata amri, bandika hapa majedwali ya nyuma tuyapitie.